Njia ya Ulaya Inapita Lubumbashi

Ukikulia Iyunga, Mbeya, kando ya barabara kuu, huhitaji ramani ukutani. Malori yanakufundisha jiografia bila ada. Asubuhi yanashuka kuelekea Iwambi na Mbalizi yamebeba mafuta, mbolea na magari ya mitumba. Jioni mengine yanarudi yakipanda, yamelemewa na mabamba ya shaba chini ya turubai, yanaguna kama mzee anayeinuka kitini. Watoto wa hapa wana mchezo wao. Mmoja anafumba macho, wenzake wanamsomea namba ya gari, naye anataja nchi: Zambia, Malawi, Kongo. Anayekosea ndiye mwokota mpira mtaroni mpaka giza liingie.

Mpira wenyewe ni wa chandimu. Enzi zetu tuliusuka kwa mifuko ya nailoni. Serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2019, watu wazima walilalamikia vikapu, lakini hakuna aliyewauliza watoto mipira yao wataitoa wapi. Siku hizi wanajaza soksi vitambaa.

Jioni moja walikuwa wamechoka, wamekaa ukutani kwangu wakipigwa na ule ubaridi wetu wa Juni. Mmoja wao, wa darasa la tano, alivaa jezi ya Aston Villa ya mtumba yenye namba 20 mgongoni na herufi zilizoanza kubanduka. Akaniuliza:

"Shikamoo babu. Eti Samatta alipita hapa kwenda Ulaya?"

Kabla sijaitikia, wenzake walishaanza kumcheka. Samatta wa Mbagala apite Iyunga kutafuta nini? Ulaya mtu anapanda ndege Dar es Salaam, anashukia Ulaya.

"Marahaba," nikasema. "Kaeni chini nyote. Huyu mnayemcheka yuko karibu na ukweli kuliko ninyi."

Nilikuwa utingo kwa miaka mingi. Kazi ya utingo mnaijua: kukaa kushoto kwa dereva, kumzuia asisinzie, na gari likikwama mlimani kuruka chini na gogo uliweke nyuma ya tairi kabla halijarudi kinyumenyume. Kwa kazi hiyo nimeijua barabara hii mpaka mwisho wake. Unatoka hapa, unapita Vwawa, unafika Tunduma. Unavuka Nakonde, unaingia Zambia: Mpika, Serenje, Kapiri Mposhi ambako reli yetu ya TAZARA inaishia baada ya kilomita 1,860 kutoka Dar. Kisha Ndola, Chingola, na mpaka wa Kasumbalesa. Ukivuka hapo, mbele yako ni Lubumbashi, mji wa shaba.

Mguu wa Samatta sikuuona ukikanyaga Iyunga. Lakini mji uliomfikisha Ulaya uko mwisho wa barabara hii hii mnayookotea mipira.

Mbwana Ally Samatta alizaliwa tarehe 23 Desemba 1992, akakulia Mbagala, kusini mwa Dar es Salaam, kule ambako daladala hujaa mpaka kondakta anabaki ananing'inia mlangoni. Alianza na timu ya mtaani kwao, Mbagala Market. Timu hiyo baadaye ilibadilika jina ikawa African Lyon, na kwa Lyon ndipo watu wa ligi kuu walipomwona: kijana mwembamba, mwenye mbio, anayejua kukaa nyuma ya bega la beki asionekane mpaka mpira ufike. Mwaka 2010 akaenda Simba.

Hapo sikilizeni vizuri, maana kuna kisa.

Mwaka 2011 Simba walikuwa kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika, wakapangwa na TP Mazembe ya Lubumbashi. Hebu fikiria. Mazembe walikuwa mabingwa wa Afrika wa 2009 na 2010. Desemba 2010 walikwenda Abu Dhabi kwenye Kombe la Dunia la Klabu, wakawafunga Internacional wa Brazil na kuingia fainali. Hakuna klabu ya Afrika iliyokuwa imewahi kufika hapo. Fainali walifungwa na Inter Milan 3-0, lakini nani alijali? Kipa wao, Robert Kidiaba, alikuwa kila timu yake ikifunga anakaa chini na kurukaruka kwa makalio uwanjani kama chura. Dunia nzima ilimjua kwa hilo. (Nyie msijaribu kwenye lami.)

Simba wakaenda Lubumbashi wakafungwa 3-1. Marudiano Dar es Salaam wakafungwa 3-2. Wametoka. Lakini viongozi wa Simba wakapeleka malalamiko kwamba Mazembe walimchezesha beki Janvier Bokungu ambaye usajili wake ulikuwa na kasoro. Shirikisho la Afrika likakubaliana nao. Mazembe, bingwa mtetezi, akafukuzwa mashindanoni kwa sababu ya karatasi! Simba wakapewa mechi moja ya kuwania nafasi ile dhidi ya Wydad Casablanca, ikachezwa Cairo, wakalala 3-0.

Ungetegemea Mazembe wanune, waichukie Simba maisha. Badala yake walirudi na pesa. Katika zile mechi mbili walikuwa wamemwona mshambuliaji mwembamba aliyewasumbua mabeki wao, wakamnunua pamoja na kiungo Patrick Ochan wa Uganda. Umemshitaki mtu, amefungiwa, halafu anakuja kugonga hodi kumposa binti yako.

Nakumbuka maneno ya vijiweni. Kongo? Kule kwenye vita? Kijana mwenye kipaji kile si angengoja wakala ampeleke Ulaya moja kwa moja? Na mimi nilisema hivyo hivyo, nikiwa nimekaa kwenye kibanda cha chai Tunduma nikisubiri foleni ya mpakani isogee. Nilikuwa mjinga. Vita vilivyokuwa vinatajwa redioni vilikuwa mbali, upande wa mashariki, na Kongo ni nchi kubwa mno; kutoka Lubumbashi hadi Goma ni mbali kuliko kutoka hapa hadi Dar.

Tena Lubumbashi si ugenini kabisa kwa mtoto wa Mbagala. Wanazungumza Kiswahili! Chao kina ladha yake. Sisi tunasema mtu mzuri, wao watasema "mutu muzuri". Watoto kwao ni "batoto". Mara ya kwanza nilipofika nilidhani wananitania, baada ya siku tatu nikajikuta nami naagiza chakula hivyo hivyo. Shule na ofisi ni Kifaransa, lakini sokoni, kwenye mpira, na mtu anapokutukana barabarani, ni Kiswahili. Kijana wa miaka 18 aliyeondoka kwao kwa mara ya kwanza hakupotelewa na lugha. Na alimkuta, au alikutwa na, Mtanzania mwenzake Thomas Ulimwengu, wakacheza pamoja miaka kadhaa.

Mazembe ni klabu ya zamani, ilianzishwa 1939. Jezi zao ni nyeusi na nyeupe, wanajiita kunguru. Uwanja wao uko mtaa wa Kamalondo, na siku ya mechi mtaa ule unafungwa na watu, si na polisi. Mwenye klabu alikuwa Moïse Katumbi, tajiri aliyekuwa pia gavana wa Katanga, na alitaka jambo moja tu: kuchukua kombe la Afrika tena. Kwa hiyo Samatta alikuwa kila mwaka anacheza na Waalgeria, Watunisia, Wamorocco, Wasudani, Wamisri. Leo unacheza usiku Algiers kwenye baridi, wiki mbili baadaye uko kwenye joto la Omdurman. Beki wa kule hakuachi uruke peke yako. Ukimgeuzia mgongo, anakukumbusha kwa kiwiko.

Miaka mitano alikaa huko, kijana! Mitano. Ninyi mkikaa benchi mechi moja mnahamia timu ya mtaa wa pili.

Mwaka 2015 ukawa wake. Mazembe walimpiga Moghreb Tetouan ya Morocco 5-0, Samatta akafunga matatu peke yake. Fainali ilikuwa na USM Alger. Mechi ya kwanza ilichezwa Algiers, Mazembe wakashinda 2-1, moja likiwa penalti ya Samatta. Ya pili ilikuwa Lubumbashi tarehe 8 Novemba. Dakika ya 75, mabao bado sifuri kwa sifuri, ikaja penalti nyingine. Watu wote wa Kamalondo wanakutazama. Ukikosa, Waalgeria wanapata nguvu. Samatta akafunga, likaongezwa la pili, wakawa mabingwa wa Afrika. Alimaliza mashindano na mabao 7, akiwa kileleni mwa orodha ya wafungaji.

Tarehe 7 Januari 2016, Abuja, Nigeria, wakamwita jukwaani: mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza barani. Waliobaki naye hadi mwisho walikuwa Baghdad Bounedjah wa Algeria na yule yule Kidiaba mruka kwa makalio. Hakuna mtu wa Afrika Mashariki aliyekuwa amewahi kuipata tuzo hiyo. Mwezi ule ule, kabla haujaisha, akasaini Genk ya Ubelgiji. Alikuwa na miaka 23.

Kipa wa watoto hawa, ambaye ni msichana na ndiye kipa bora kuliko wavulana wote wa mtaa huu, akanikatiza. "Genk ndiyo nini, babu? Mbona si Manchester?"

Swali zuri. Uingereza wakati ule walikuwa na kanuni: mchezaji kutoka nje ya Ulaya hupata kibali cha kazi kwa urahisi kama taifa lake liko ndani ya hamsini bora kwenye orodha ya FIFA. Tanzania ilikuwa nje hata ya mia moja. Yaani unaweza kuwa mwepesi kama swala, lakini foleni ya kibali ukapangwa nyuma ya beki wa kawaida wa Denmark. Ubelgiji mlango wao ni tofauti. Wanachotaka zaidi ni klabu imlipe huyo mgeni mshahara usiopungua kiwango fulani, na kiwango chenyewe si kidogo, ili klabu isilete watu ovyo. Ndiyo maana Waafrika wengi huanzia kule.

Sasa kuhusu mji wenyewe. Mnajua mgodi wa Kiwira, ule wa makaa ya mawe? Genk ni mji wa namna hiyo. Ulikuwa kijiji, makaa yakagunduliwa, yakachimbwa mashimo matatu, Winterslag, Waterschei na Zwartberg, na watu wakaletwa kutoka Italia, Ugiriki, Uturuki, Morocco kuja kuchimba. Makaa yalipokosa faida mashimo yakafungwa moja baada ya jingine, la mwisho mwaka 1988. Na mwaka huo huo timu mbili za wachimbaji, Waterschei na Winterslag, ziliungana kuwa klabu moja: Genk. Uwanja wao uko Waterschei, jirani na pale palipokuwa mgodi. Kwa hiyo Samatta alitoka mji wa shaba akaingia mji wa makaa. Kutoka kwa watu wenye vumbi kwenye kucha kwenda kwa wajukuu wa watu wenye vumbi kwenye kucha.

Na hakuwa mtu wa kwanza wa ukanda wetu kufika pale. Mkenya Mike Okoth alikwishacheza Genk. Mwanawe akalelewa kwenye shule ya mpira ya klabu ile; jina lake Divock Origi, yule aliyechezea Liverpool. Genk ni hodari wa kulea. Kevin De Bruyne na kipa Thibaut Courtois walitokea hapo. Samatta alipofika alimkuta kijana wa Nigeria anaitwa Wilfred Ndidi. Mwaka mmoja baadaye akanunuliwa na Leicester.

Samatta hakununuliwa baada ya mwaka mmoja. Alikaa minne. Kuna mwaka alicheza vizuri, kuna mwaka aliumia goti akakaa nje. Agosti 2018 akawafunga Brøndby ya Denmark mabao matatu katika mechi moja ya kuwania kuingia Ligi ya Europa. Msimu ule wa 2018/19 akafunga mabao 23 kwenye ligi, Genk wakawa mabingwa wa Ubelgiji, naye akapewa Kiatu cha Ebony, tuzo wanayompa mchezaji bora mwenye asili ya Afrika nchini kwao. Alipoondoka alikuwa ameshawafungia zaidi ya mabao 70.

Halafu Septemba 2019, Ligi ya Mabingwa Ulaya. Genk walikwenda Salzburg, Austria, wakapigwa 6-2. Lakini moja kati ya yale mawili lilikuwa la Samatta, na hakuna Mtanzania aliyekuwa amewahi kufunga kwenye mashindano yale. Novemba wakaenda Anfield kwa Liverpool. Wakafungwa 2-1, na hilo moja la Genk ni kichwa cha Samatta kwenye kona, akiwa katikati ya mabeki ambao miezi michache nyuma walikuwa wamebeba kombe la Ulaya.

Nadhani kichwa kile ndicho kilichompeleka Uingereza, pamoja na bahati mbaya ya mtu mwingine. Siku ya mwaka mpya 2020, mshambuliaji wa Aston Villa, Mbrazili Wesley, aliumia goti vibaya. Villa walikuwa karibu kushuka daraja na hawana mfungaji. Tarehe 20 Januari wakamtangaza Samatta. Watanzania wakavamia kurasa za Villa mitandaoni. Wazungu wa Birmingham wakaamka wanakuta Kiswahili kila mahali, watu wanapongeza, watu wanatoa maelekezo kwa kocha, na baada ya mechi mbili tatu watu wanamgombeza Jack Grealish kwa nini hatoi pasi.

Mechi yake ya kwanza ya ligi, Bournemouth, tarehe 1 Februari, alifunga. Kisha Machi 1, Wembley, fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City.

Hiyo niliitazama hapa hapa Iyunga, kwenye kibanda umiza. Tulibanana kwenye mabenchi kama viazi kwenye gunia, wengine wamesimama nje wanachungulia kwenye upenyo wa bati. City walifunga la kwanza, wakafunga la pili, tukaanza kutafuta visingizio. Saa mbili usiku ilikuwa imepita kidogo, dakika ya 41 kule. El Ghazi akamimina krosi, na yule kijana wa Mbagala akajirusha mbele ya beki, mwili wote hewani, akaugonga kwa kichwa. Sikuona mpira ukigusa wavu. Nilikuwa tayari chini ya watu. Mtu mmoja alinikanyaga kidole mpaka kucha ikatoka, na mpaka leo sijamdai chochote. Mwisho ulikuwa 2-1, City wakachukua kombe, baada ya kichwa cha Engels wa Villa kugonga nguzo ya goli dakika za mwisho.

Watoto walishangilia ukutani kwangu kama bao limefungwa sasa hivi. Nikawaacha washangilie, kwa sababu nilichokuwa nakwenda kuwaambia ni kwamba baada ya siku ile hakuwafungia Villa tena.

"Kwa nini?"

Wiki mbili hazikupita, korona ikafunga ligi. Miezi mitatu hakuna mpira. Waliporudi Juni, viwanja vitupu, kocha Dean Smith akabadili namna ya kucheza. Samatta anaingia, anatoka, mpira haumfikii, ukimfikia haulengi. Mechi 14 za ligi, bao moja. Villa walibaki ligi kuu kwa tofauti ya pointi moja. Septemba wakamnunua Ollie Watkins kutoka Brentford, na Samatta akapelekwa kwa mkopo Fenerbahçe ya Uturuki.

Neno hilo, mkopo, mlielewe. Si aibu, wala si kama kukopa dukani. Klabu inasema: mchezaji huyu bado ni wangu, lakini nenda naye wewe acheze, tuone. Mshahara mnagawana au unalipa wewe. Kwa mchezaji mwenyewe maana yake ni kufunga masanduku. Kutoka Fenerbahçe, ambao baadaye walimnunua kabisa, alikopeshwa Antwerp ya Ubelgiji, msimu uliofuata akarudi Genk kwa mkopo pia. Mwaka 2023 akaenda PAOK ya Thessaloniki, Ugiriki, na msimu wake wa kwanza tu wakawa mabingwa. Mwaka 2025 akahamia Le Havre, Ufaransa. Hesabu lugha: Kifaransa cha Lubumbashi, Kiholanzi cha Genk, Kiingereza, Kituruki, Kigiriki, halafu Kifaransa tena.

Kusugua benchi ndiyo sehemu ya kazi hii ambayo picha za mtandaoni hazionyeshi. Utingo anaijua. Unaweza kukaa Tunduma siku nne, gari lina mzigo, dereva ana afya, barabara iko wazi mbele yako, na husogei. Hujakosea kitu. Unafua nguo, unakagua tairi, unalala. Siku geti likifunguliwa, ole wako ukutwe umelala.

Katikati ya yote hayo alikuwa anarudi nyumbani kuichezea Taifa Stars, akiwa nahodha tangu 2016. Machi 2019 pale Uwanja wa Taifa, Stars waliifunga Uganda 3-0 wakaenda Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza baada ya miaka 39. Mara ya mwisho ilikuwa Lagos, 1980. Mashindano yalichezwa Misri, wakafungwa mechi zote tatu. Ile ya Kenya waliongoza mara mbili, la pili akifunga Samatta, wakaishia kufungwa 3-2. Sitaizungumzia zaidi. Inaniuma.

"Na wasichana, babu?" Kipa tena.

Mwulize mtu akwambie habari za Aisha Masaka. Alikuwa Yanga Princess, akaenda BK Häcken ya Sweden mwaka 2022, na mwaka 2024 akasajiliwa na Brighton ya Uingereza. Naye hakuruka. Alipitia kituo.

Sasa nikawapa hesabu, maana wa darasa la tano walikuwa wanapiga miayo na hesabu huwaamsha. FIFA ina kanuni: klabu ikimnunua mchezaji kutoka nchi nyingine, asilimia 5 ya ile bei inakatwa na kugawiwa timu zote zilizomlea tangu alipokuwa na miaka 12 mpaka 23. Tufanye bei ni shilingi milioni 100. Asilimia tano ni ngapi?

"Milioni tano!"

Ndiyo. Kila mwaka kati ya 12 na 15, timu uliyokuwa nayo inapata shilingi 250,000. Kila mwaka kati ya 16 na 23, inapata 500,000. Jumlisha uone kama haifiki milioni tano. Na bei za Uingereza si milioni mia. Zidisha mara nyingi. Ndiyo maana Villa walipomnunua Samatta kutoka Genk, kanuni hiyo iliangalia nyuma mpaka Lubumbashi, mpaka Msimbazi kwa Simba, mpaka Mbagala.

Lakini timu inalipwa ikiwa imekuandikisha. Jina, tarehe ya kuzaliwa, msimu ulioingia, msimu uliotoka. Kanuni haiulizi nani alikununulia viatu wala nani alikupa chai baada ya mazoezi. Inauliza karatasi. Mazembe wenyewe, na utajiri wao wote, karatasi ya Bokungu iliwatoa Afrika. Na mimi nimeona lori la mamilioni likirudishwa Kasumbalesa kwa sababu ya mhuri mmoja.

Jambo jingine nikawaambia kwa sauti ya chini, maana liliwahi kutokea mtaani kwetu. Alikuja mtu na shati safi na simu mbili, akasema anatafuta vijana wa miaka 15 kwenda majaribio Ulaya, kila mzazi atoe pesa ya viza. Baba mmoja aliuza ng'ombe. Yule mtu hakuonekana tena. Sasa mjue: FIFA hairuhusu mchezaji kuhamia klabu ya nchi nyingine kabla hajafika miaka 18, isipokuwa kwa sababu chache sana, kama wazazi wenyewe wamehamia huko kwa shughuli zao zisizohusu mpira. Na klabu ya kweli inayokutaka haikuombi nauli. Samatta alinunuliwa, hakujinunua.

Giza lilikuwa linashuka kutoka mlima Loleza. Nikamwuliza yule wa jezi ya Villa: "Wewe ndiye nahodha?"

"Ndiyo, babu."

"Timu yenu ina wachezaji wangapi?"

Wakatazamana. Mmoja akasema kumi na tano, mwingine kumi na nane, wa tatu akasema inategemea kama kuna mtihani.

"Majina yao yameandikwa wapi?"

Kimya. Kisha kipa akafungua mkoba wake wa shule akatoa daftari la hesabu, akageuza nyuma, akachora mistari kwa rula: jina, mwaka wa kuzaliwa, alianza lini. Wakaanza kugombana palepale. Wawili walikuwa na jina moja. Mmoja alidai amezaliwa 2014, kaka yake akamwambia mwongo, ni 2013, mama alisema. Yule wa 2014 akakimbia nyumbani kuleta ushahidi. Lori la Kongo likapita likipiga honi ndefu kwenye mteremko, na kwa mara ya kwanza tangu niwafahamu, hakuna aliyeinua kichwa kusoma namba.

Mtoto akarudi na kadi ya kliniki ndani ya nailoni, kingo zimeliwa na panya. Nyuma yake alikuja mama yake, kanga begani, unga wa ugali mikononi.

"Shikamoo babu. Nani anayetaka kadi ya mwanangu usiku huu?"

"Marahaba, mama. Karibu ukae. Hadithi ni ndefu kidogo, inaanzia Mbagala."